Huyo Unayempima Ni Nani?

Kendi, mwalimu wenu wa umeme, ni binti yangu. Ameniomba niwaandikie kurasa chache kabla hamjaanza kuunganisha ile saketi ya kuonyesha mapigo ya moyo, na amenionya mambo mawili: nisirefushe, na nisizungumze juu ya ng'ombe. La kwanza nitajaribu. La pili haliwezekani, kwa sababu bila ng'ombe kuna makosa yangu mawili makubwa ambayo hayaelezeki.

Naitwa Kirimi. Nimestaafu, niko nyumbani Kiirua, na nina viazi, kabichi, ng'ombe wawili na mke mmoja. Zamani nilikuwa fundi wa mitambo katika hospitali ya misheni huku Meru, kwa miaka zaidi ya thelathini. Mtu akisikia fundi wa hospitali anafikiria gurudumu la kitanda na bomba linalovuja. Hayo nilitengeneza pia, tena mengi. Lakini mashine niliyoipenda kupita zote ni ile ya moyo, inayochora milima midogo kwenye karatasi. Siku hizo karatasi ilikuwa na nta, na sindano ya moto ndiyo iliyochora. Ilikuwa na harufu yake, kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nyinyi mtaona moyo kwenye kioo cha simu na hamtawahi kunusa kitu. Nawaonea huruma kidogo.

Aliyenifundisha ni Mzee Njeru, mtu wa Kanja, kule Embu. Alikuwa mkubwa wa karakana yetu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba upande mmoja. Aliniita kijana siku ya kwanza nilipofika, na akaendelea kuniita kijana hata nilipokuwa na upara mkubwa kuliko wake. Rafu ya vipuri vya mashine ya moyo alikuwa ameiandika kwa chaki NGORO, yaani moyo kwa Kiembu. Nilipozoea nikafuta, nikaandika NKORO, kwa Kimeru. Asubuhi nikakuta NGORO. Mchezo huo tuliucheza mpaka alipostaafu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutaja kwa mdomo.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Moyo ukipiga unatoa umeme, lakini kidogo mno. Betri ya saa ya ukutani ni jitu ukiilinganisha nao. Na umeme huo mdogo unatoka ndani ya mtu aliyeketi katikati ya kelele za umeme mwingine: stima ya nyumba, redio, simu, taa. Mwili wote unazipokea kelele hizo. Kwa hiyo huwezi tu kuchukua amplifaya ya redio, ukaikuza sauti na kutegemea kusikia moyo. Utakuza kelele.

Mzee Njeru alinieleza hivi, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alisema, "Kijana, unaweka waya mmoja mkono wa kulia na mwingine mkono wa kushoto. Kama mikono yote miwili inasema kitu kimoja, hicho ni kelele, kitupe. Kile ambacho mkono mmoja unasema na mwingine hausemi, hicho ndicho moyo." Ile chipu ndogo mtakayopewa, yenye miguu minane, kazi yake ni hiyo tu. Inautoa umeme wa mkono mmoja kwenye wa mwingine, inabakisha tofauti, halafu inaikuza. Waya wa tatu unaenda mguuni, nao unasaidia kuzituliza zile kelele. Mikono miwili na mguu, basi.

Lakini ujanja huo unafanya kazi kama mikono yote miwili imeshikwa sawasawa. Mmoja ukiwa umeshikwa vizuri na mwingine vibaya, kelele inafika kwenye chipu kwa nguvu tofauti, na chipu maskini inafikiri ni moyo. Wekeni hilo kichwani, nitalirudia.

Mzee Njeru alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Mgonjwa akilazwa pale tujaribu mashine iliyotoka kutengenezwa, yeye haigusi swichi. Anamshika mgonjwa mkono, vidole viwili kwenye kifundo, anatazama dari, midomo inacheza bila sauti. Dakika nzima. Halafu anasema, "Haya, washa."

Siku moja nikamwambia, "Mzee, mashine si itatuambia?"

Akanijibu, "Mashine itakwambia kile imesikia. Haikwambii imemsikia nani."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Nilikuwa kijana, na nilijua chipu zinazotoka mwaka ule kwa majina yake yote.

Haya, ng'ombe wa kwanza. Ili umeme utoke kwenye ngozi uingie kwenye waya, unahitaji kitu chenye maji na chumvi katikati. Hospitali ilikuwa na jeli yake maalumu. Asubuhi moja nesi akaja mlangoni akasema, "Kirimi, jeli imeisha, na kuna mzee amelala pale anangoja." Mimi nyumbani tulikuwa na jeli. Kila nyumba inayokamua ina jeli, lile kopo la jeli ya kukamulia, ya kupaka kwenye matiti ya ng'ombe. Na siku hiyo nilikuwa na kopo zima kwenye mkoba, nimetumwa nipeleke kwa mama mkwe jioni. Jeli ni jeli, si ndiyo? Nikampa nesi, tena nikajiona nina akili.

Aliyekuwa kitandani ni mzee wa Mbeere, mfuga nyuki, mtu mrefu mkavu aliyesafiri tangu alfajiri. Tukampaka vizuri mikono na miguu, tukafunga vibati vya kushikia waya, nikawasha. Karatasi ikatoka na manyoya-manyoya, kisha mstari mnyoofu. Mnyoofu kama uzi wa seremala. Nesi akasema, "Uuui!" akashika mdomo.

Mzee akainua kichwa. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," nesi akasema, na kweli kwenye karatasi hakukuwa na kitu.

Mzee akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi. "Huyo ndiye mimi?"

"Ni mashine tu, mzee," nikasema.

"Sawa," akasema. "Kwa sababu kama nimekufa, hii njaa ninayosikia ni ya nani?"

Mzee Njeru alipoitwa hakuuliza swali. Aliinama akanusa mkono wa mgonjwa. Halafu akaninong'oneza, "Kijana, huyu ulitaka kumpima au kumkamua?" Mafuta, vijana wangu. Jeli ya kukamulia ni mafuta, na mafuta hayapitishi umeme. Tulimwosha yule mzee kwa maji ya moto na sabuni, tukamfunga pamba iliyolowa maji ya chumvi, na milima yake ikatokea mizuri, iliyopangana. Lakini kwanza tulimletea uji. Karakana nzima iliniita Mkamuaji kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo jeli ikikosekana, chukueni pamba, maji na chumvi ya jikoni. Si Vaseline, si mafuta ya nazi, si ya kukamulia. Na kabla ya pamba, sugueni ngozi. Hili watu wa vitabu hawalisemi vya kutosha kwa sababu vitabu viliandikwa na watu wenye mikono laini. Mkono wa mtu anayechuma majani ya chai kule Runyenjes, au anayelima viazi huku kwetu, una ngozi ngumu kama soli ya kiatu. Umeme wa moyo hautoboi hapo. Mzee Njeru alikuwa na kitambaa kikavu cha gunia, safi, cha kazi hiyo tu. Alisugua mpaka mahali pale panaanza kuwa pekundu, kisha spiriti, kisha pamba. Aliwasugua wote sawa, mkulima na chifu, mkono wa kulia na wa kushoto.

Jambo lingine, na hapa nitakasirika kidogo, mtanisamehe. Betri. Mbili zile za mraba, za volti tisa. Betri tu! Usichukue umeme wa ukutani hata kidogo, hata kupitia chaja, hata kupitia kompyuta iliyochomekwa. Unamfunga mtu waya mikono yote miwili, umemlowesha kwa maji ya chumvi, umemsugua ngozi iwe laini. Umemtayarisha kabisa apigwe na stima, moja kwa moja kifuani! Mimi niliwahi kunyoosha mkono kwenda kwenye soketi na saketi ya majaribio, nimejifunga waya mwenyewe, na Mzee Njeru akanipiga kofi la mkono nililolisikia mpaka jioni. Hakuwahi kumpiga mtu mwingine. Akakaa chini kwenye kreti, akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Sikuuliza tena kwa nini betri.

Sasa nifike kwa mke wangu, kwa sababu ni habari zake nilizotaka kuwaambia tangu mwanzo, hayo mengine yalikuwa ya kujipa moyo.

Mama Kendi alianguka shambani. Tulikuwa tunachimba viazi, nikasikia jembe limeanguka, nikageuka nikamwona amelala ubavu kwenye mtaro. Nilipomfikia alikuwa ameshafungua macho na ananikemea kwa kukanyaga viazi. Alisema ni jua. Siku hiyo hakukuwa na jua. Wiki iliyofuata akashika nguzo ya boma la ng'ombe akasimama pale muda mrefu, ananiambia dunia inazunguka. Tukaenda hospitali, wakampima moyo, karatasi ikatoka safi. Daktari, kijana mpole, akatueleza kwamba huenda moyo unakosea mara moja moja, na hiyo mara moja haikutokea wakati amelala pale. Akampa tarehe ya kwenda hospitali kubwa avalishwe kijimashine cha kurekodi kutwa kucha.

Mama Kendi hakutaka kwenda. Alikuwa na sababu kumi: ng'ombe mmoja ana mimba, kuna kikao cha akina mama kanisani, viazi vitaoza. Nilizijua zote si sababu. Aliogopa. Na mimi niliogopa kumzidi, ndipo nikafanya ujinga. Nikasema, "Mimi nimetengeneza mashine za moyo maisha yangu yote. Nitakutengenezea yako, tuipime hapa hapa nyumbani."

Akasema, "Ikisema niko sawa, siendi."

Nikasema sawa. Ningeweza kusema hapana. Nilisema sawa.

Niliijenga kwenye kibao kimoja, mezani, karibu na dirisha. Chipu moja ya miguu minane, vipingamizi vichache vya kupunguza umeme, betri mbili, kitufe cha kupunguza na kuongeza nguvu. Sikuwa na kioo cha kuonyesha milima, kwa hiyo nilichukua mita ya sindano kutoka redio kuukuu, sindano iruke moyo ukipiga. Nikaandika kwenye sanduku NKORO kwa kalamu nyekundu. Vijana, sijui nieleze vipi furaha ile. Harufu ya risasi iliyoyeyuka ya kuunganishia waya ikipanda puani, miwani inateleza, mke anapita nyuma yangu akisema nimekuwa kijana tena. Kwa siku tatu nilisahau kabisa kwa nini naijenga.

Jumamosi alasiri nikamkalisha kitini. Nikaleta kitambaa cha kusugua. Mama Kendi amekamua ng'ombe tangu akiwa msichana. Mkono wake wa kulia ni mgumu kuliko wangu. Nilipoanza kusugua akauvuta. "Wee, usinisugue kama sufuria!" Nikacheka, nikaacha. Nikafunga pamba hivyo hivyo juu ya ngozi ngumu. Huyo ndiye ng'ombe wa pili, aliyeufanya mkono huo kuwa mgumu.

Sindano ikaruka. Mruko mkubwa, mzuri, wa kawaida. Katikati ya miruko kulikuwa na vitetemo vidogo vidogo visivyo na mpango, nikavichukulia ni uchafu wa saketi. Nikakizungusha kitufe taratibu, nikapunguza, nikapunguza, mpaka vitetemo vikapotea ikabaki miruko mikubwa peke yake. Nikahesabu kwa saa ya mkononi. Hamsini na mbili kwa dakika. Nikahesabu tena, hamsini na mbili. Nikamtania kuhusu mama yake, akakasirika kidogo, hamsini na mbili.

Nikamwambia, "Mama Kendi, uko sawa. Uko sawa kuliko mimi."

Mlipaswa kumwona uso wake. Alimpigia Kendi simu pale pale akiwa bado amefungwa waya: "Baba yako amenipima. Siendi." Na Kendi, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika chuma cha kuunganishia akiwa darasa la nne, alimwamini baba yake.

Tarehe ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa Jumatano. Jumatano hiyo tulibaki nyumbani. Baada ya kukamua nikasema nimpime tena, kwa raha tu, kwa sababu nilikuwa naipenda ile mashine. Nikamfunga pamba mbichi, nikakaa mezani nimempa mgongo, daftari mkononi, macho kwenye sindano. Nahesabu. Inaruka vizuri. Nikamaliza dakika, nikaandika hamsini na mbili, nikasema kwa sauti, "Ai, huu ni moyo wa msichana!"

Sauti yake ikanijibu kutoka jikoni.

"Baba Kendi, mimi niko huku naangalia maziwa yasimwagike. Huyo unayempima ni nani?"

Nikageuka. Kiti kitupu. Waya tatu zimelazwa juu ya kiti na pamba zake zinadondosha maji. Na sindano mbele yangu, ruka, ruka, ruka.

Alikuja mlangoni na mwiko mkononi, akaona, akaangua kicheko. Nami nikacheka. Tulicheka mpaka nikashika meza. Halafu kicheko changu kikakauka chenyewe, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza kidogo tu, na kwa kunyamaza nikasikia nje: tik. Tik. Tik.

Fensi ya ndovu.

Kwa wale mliotoka mbali na msitu, upande wetu kuna waya wa umeme unaozuia ndovu wasishuke mashambani. Hautoi umeme mfululizo. Unapiga mara moja, unapumzika kama sekunde moja hivi, unapiga tena, mchana na usiku. Nyasi zikiugusa unatoa cheche, na kila nyumba yenye redio huku inasikia ile tik kati ya habari na nyimbo. Wetu unapita nyuma ya shamba langu. Mwaka wa kwanza ulitukosesha usingizi. Baadaye masikio yaliuzoea, yakaacha kutuambia kwamba upo. Mgeni yeyote angenishtua dakika ya kwanza. Ilihitaji mtu wa hapa hapa, aliyezaliwa hapa, kuushika umeme wa kuzuia ndovu na kuuita moyo wa mke wake.

Na mkono wa kulia haukushika vizuri, kwa sababu sikuusugua, kwa hiyo kelele ikafika kwenye chipu upande mmoja kuliko mwingine. Kila kitu Mzee Njeru alinifundisha, kimoja baada ya kingine, nilikuwa nimekipuuza kwenye meza yangu mwenyewe.

Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Kilichoniuma ni vile vitetemo vidogo. Visivyo na mpango. Nilivyovipunguza kwa kitufe, kwa mkono wangu huu, mpaka vikapotea. Huo ndio uliokuwa moyo wake.

Nikamwambia, "Njoo ukae."

"Maziwa..."

"Njoo, tafadhali."

Akaketi. Nikamshika kifundo, vidole viwili, nikatazama dari kama Mzee Njeru. Nikaona aibu, maana tangu aanguke nilikuwa nimeshika chipu, vipingamizi na waya, na mkono wake sikuwa nimeushika hata mara moja. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha kimya. Nikangoja. Nje tik, tik. Chini ya vidole vyangu hakuna kitu. Nilifikiri nimepoteza mahali, nikabonyeza zaidi. Halafu tano, zito, kama mtu anayepanda ngazi amechoka.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Chukua leso yako. Twende."

"Si ulisema niko sawa?"

"Nilikosea. Nilikuwa nampima ndovu."

Hakucheka. Alinitazama akaona uso wangu, akafungua aproni, akalizima jiko mwenyewe. Njiani alinishika mkono, na hilo lilikuwa gumu kuliko kulaumiwa. Hospitali kubwa walimpokea ingawa saa aliyopangiwa ilikuwa imepita. Walimlaza, wakamweka kwenye mashine yao, na kabla ya chakula cha jioni daktari akatuonyesha nafasi zenyewe, milima, milima, halafu uwanda mrefu usio na kitu. Akasema kama angeendelea kubaki nyumbani, uwanda mmoja ungekuja bila mlima tena baada yake. Kendi alikuwa amefika. Alinitazama, akatazama sakafu. Mwanangu, najua unalisoma hili kabla hujawapa wanafunzi. Usilifute.

Walimwekea betri ya moyo, kijimashine cha kuusukuma moyo upige ukichelewa, chini ya ngozi karibu na bega. Anaishi. Anakamua. Daktari alimwonya kwamba asiiguse fensi ya umeme na asiiegemee, naye akamjibu, "Daktari, mimi na hiyo fensi hatusalimiani tena."

Alipopona nilimwendea Mzee Njeru. Nilishuka Runyenjes, nikapanda boda mpaka Kanja, nikamkuta amekaa mbele ya nyumba kwenye jua, miwani bado ina waya wa shaba. Ni mzee sana sasa. Nikaanza kumweleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama siku ya jeli ya kukamulia. Hakuniacha nimalize. Alinyoosha mkono akanishika kifundo, akatazama juu, midomo ikacheza bila sauti. Dakika nzima nimesimama pale. Halafu akasema, "Haya kijana. Sasa niambie."

Nikamwambia yote. Akauliza swali moja tu: "Ulishika mkono?"

"Baadaye, Mzee."

"Baadaye," akasema, na akaniagizia chai.

Ile saketi bado ninayo. Niliitia ndani ya kopo la bati la biskuti ili bati lizuie kelele, nikazisokota waya pamoja na kuzifupisha, na nikajipima mwenyewe mbali na fensi baada ya kujisugua mpaka nikalia. Sindano ikaruka, na nikivuta pumzi inaharakisha kidogo, nikiitoa inapunguza. Moyo wa mtu unayumba na pumzi zake. Mkiona unaopiga sawasawa kabisa, hauharakishi mtu akikasirika wala kupungua akitulia, jueni mmeshika kitu kingine. Na kabla hamjaandika namba yoyote, mwondoeni mtu, muache waya zenye pamba mbichi, mtazame. Mashine ikiendelea kupiga, zimeni. Na hata ikiwa nzuri, hiyo yenu ni ya kujifunza. Isimwambie mtu yeyote kwamba yuko sawa. Anayezimia aende hospitali.

Asubuhi, maziwa yakishachemka, mimi na Mama Kendi tunakaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Ninamshika kifundo. Majirani wanaopita kwenda shambani wanatania, wanasema wazee wameanza uchumba. Moyo wake sasa ni imara, betri haiuachi upungue chini ya pale daktari alipoweka, na hakuna haja yoyote ya mimi kuhesabu. Juzi aliniuliza, "Kwani bado unatafuta nini? Si daktari alisema hii haikosei?"

Nikamwambia nahakikisha si fensi.

Alinicheka sana. Lakini mkono hakuuondoa mpaka dakika ikaisha.